Usikubali Kompyuta Ifute Diski ya Picha Zenu

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, iliyonifanya niyaweke kando yale niliyokuwa nimeandaa kwa ukurasa wa leo. Anayo diski moja ya CD-RW, zile za kuandikwa na kufutwa, ambayo marehemu mumewe aliitia picha za familia mwaka wa 2006: ubatizo wa kifunguamimba wao, safari ya Mombasa, na picha chache za baba huyo akiwa kazini. Nakala nyingine haiko popote. Kamera yenyewe iliibwa zamani.

Sasa kijana wao aliye chuoni alitaka kuongeza humo picha za nyanyake ili zote zikae pamoja. Alipoagiza ziandikwe, programu ikamwambia kwamba diski si tupu, ikauliza kama iifute ndipo iendelee. Kidole kilikuwa tayari juu ya kipanya. Mama akapiga ukelele. Anauliza: ikiwa nafasi ingalipo, mbona kompyuta itake kufuta?

Naam, mama, ulipiga ukelele kwa wakati wake. Kompyuta (au tarakilishi, kama walimu wetu wa Kiswahili wanavyotaka tuiite) haikuwa ikisema kuwa diski imejaa. Ilikuwa ikisema kuwa haijui mahali pa kuanzia kuandika tena.

Diski hizi zilianza kuuzwa mwaka wa 1997, na huchukua megabaiti 650 au 700. Ndani mna utando mwembamba wa madini yaliyochanganywa: fedha, indiamu, antimoni na telurimu. Mwale wa leza ukiuchoma sana kisha ukapoa ghafla, utando hupoteza mng'ao. Ukipashwa moto kiasi tu, mng'ao hurudi. Ndiyo sababu diski huandikika upya yapata mara 1,000. Lakini mng'ao huo ni hafifu ukilinganisha na wa CD za kawaida za muziki, ndipo redio nyingi za zamani zikaikataa kabisa.

Kuna njia mbili za kuiandikia, na hapa ndipo watu wengi huteleza.

Ya kwanza ni kuandika kwa vikao. Unakusanya faili zako, unaziandika zote kwa mkupuo mmoja, na kompyuta inaweka orodha ya yaliyomo. Siku nyingine ukitaka kuongeza, unafungua kikao kipya chenye orodha mpya. Orodha hiyo mpya ni lazima ibebe na majina ya faili za zamani. Programu isipoagizwa kuyachukua, huandika majina ya zile mpya peke yake, na kompyuta, ambayo kwa kawaida husoma orodha ya mwisho tu, itakuonyesha picha mpya bila zile za kwanza. Hapo watu hulia na wengine hutupa diski. Usiitupe! Picha za zamani zingalimo, ila orodha imezisahau, na programu iwezayo kufungua kikao kimoja kimoja itazitoa.

Kila kikao hula nafasi yake. Cha kwanza huchukua kama megabaiti 22 za kufungia, na kila kinachofuata kama 13. Kwa hiyo ukiongeza picha mbili mbili kila Jumapili, vikao arobaini hivi vitaijaza diski ya megabaiti 700 ilhali picha zenyewe ni za kujaza robo tu. Kusanya kwanza, kisha andika.

Tena, anayeandika mara ya kwanza anaweza kuagiza diski ifungwe moja kwa moja. Ikisha kufungwa, haiongezwi hata kama ina nafasi tele. CD-RW ya namna hiyo hufutwa yote ndipo iandikwe upya. Nadhani ndivyo alivyofanya marehemu, pengine kwa nia njema, ili diski isichezewe.

Njia ya pili ni kuitayarisha diski mwanzoni itumike kama flashi: unaburuta faili, inaandikwa papo hapo, na unaweza kuondoa moja ukaacha nyingine. Zamani ilihitaji programu ya pembeni. Tangu Windows Vista ya mwaka wa 2007 imo katika mfumo wenyewe. Ukitia diski tupu na kuifungua, huulizwa unataka itumike kama flashi au katika mashine ya kucheza CD. Jibu hilo ndilo litakaloamua mengi baadaye, nao watoto wetu hulijibu wakitazama simu.

Nami yalinifika. Mwaka wa 2005 nilitaka kuondoa wimbo mmoja tu katika diski ya kwaya ya vijana wa mtaani kwetu. Programu niliyokuwa nayo haikuweza kufuta faili moja. Ilifuta diski nzima. Iliniuliza kwa maandishi makubwa, nami nikabonyeza bila kusoma. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa amefariki Pasaka ya mwaka huo, na mamake alikuwa ameniomba hiyo diski.

Basi, mama, kijana asijaribu lolote la kuandika bado. Kwanza anakili diski yote katika kompyuta. Megabaiti 700 si kitu kwa mashine za siku hizi. Akimaliza, aitoe diski, kisha afungue picha kadhaa ili ajue kweli zimehama. Anakili tena katika flashi ikae kwa shangazi au kwa mtu mwingine asiyeishi nanyi. Ikiwa kipakatalishi chake hakina tundu la diski, kuna visomeo vya nje vya kuchomeka kwa waya wa USB. Ukilazimika kwenda kwa mwenye saiberi, kaa naye hadi amalize, diski usiiache.

Jambo jingine dogo lenye hatari: majina. Kamera nyingi huzipa picha majina kama DSC00001, na kamera mpya huanza kuhesabu upya. Ukizitia picha za nyanya pale pale zilipo za baba, mbili zitakuwa na jina moja, na mpya itachukua mahali pa ya zamani. Fungua folda ya kila mwaka au kila mtu kabla ya kuchanganya.

Kisha nunueni diski mpya, mwandike humo za baba na za nyanya pamoja. Nunueni ya CD-R, isiyofutika, kwa kuwa picha za marehemu hazina haja ya kuandikwa mara 1,000. Ile ya 2006 irudi katika kasha lake, mbali na jua la dirishani, na mtu yeyote asiiongeze kitu.

Niandikie, mama, unijulishe kama picha zote zilifunguka. Ile ya baba kazini ndiyo nitakayoiulizia kwanza.