Usimdanganye Fundi Aliye Mbali

Kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, ikiwa kamili hula kama yadi 8 za kitambaa cha sufu. Mtu akiiagiza kutoka mbali, fundi hamwoni. Anaona namba tu. Mbona basi wengine wanamtumia saizi ya suruali? Suruali hukaa chini. Kilti hufungwa juu, usawa wa kitovu, ikaishia kwenye goti. Maoni yangu ni haya: mwenzako ndiye ashike tepu, kwani ukiinama kujitazama goti, urefu hubadilika. Wala usivute tumbo ndani ati uonekane mwembamba! Mficha uchi hazai. Marinda yakishashonwa, kuyafumua ni kazi kweli kweli, na fundi hana lawama: alishona alichoambiwa.