ENYI WAUZA MAGARI, MCHENI MWENYEZI MUNGU

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.t.), aliyehalalisha biashara na akaharamisha dhulma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu hata kabla hajapewa utume, na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tulikuwa tumekusudia mwezi huu kuendelea na darsa yetu ya twahara. Tumeiakhirisha, kwa sababu kuna najisi ambayo haitoki kwa maji, nayo ni mali ya hadaa inayoingia majumbani mwetu na hata misikitini mwetu.

Jumuiya ya msikiti wetu ilichangisha kwa muda wa miezi 14 ili inunue gari la kubebea maiti. Walichanga wavuvi, walichanga akina mama wauza viazi karai, na watoto wa madrasa wakachanga shilingi kumi kumi. Zilipotimia shilingi 1,600,000 tukaenda kwenye yadi moja hapa Mombasa, ambayo mwenyewe ni mtu wa safu ya mbele na tasbihi haimtoki mkononi. Tulimweleza waziwazi kazi ya gari. Akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba lile Toyota HiAce lilikuwa la mzee mmoja aliyelitumia siku za Ijumaa tu. Mita ilisoma kilomita 84,000. Tukamwamini, wala hatukwenda na fundi. Nani angemtilia shaka mtu anayesali ubavuni mwake?

Katika wiki ya tano tulikuwa tukimpeleka Kilifi mama mzazi wa mmoja wetu, akazikwe kwao. Tulipofika Mtwapa injini ilichemka, gari likazima. Jeneza lilikaa kando ya barabara, juani, kwa zaidi ya saa mbili, na wanawe wamesimama kulikinga kwa kanga. Sheria yetu inatuamrisha kuharakisha kumzika maiti. Sisi tulimchelewesha kwa sababu ya kiapo cha uongo. Fundi alipoifungua ile injini alikuta karatasi ndogo iliyobandikwa na gereji ya Japani, inayoonyesha kuwa mkanda wa injini ulibadilishwa gari likiwa limeshatembea kilomita 197,000. Mita ilikuwa imerudishwa nyuma.

Tulipomwendea muuzaji alitujibu kwa utulivu: "Mliliona, mkalipanda, mkaridhika, na karatasi mmetia sahihi kuwa linauzwa kama lilivyo." Kisha akatoa shilingi 20,000 kuwa sadaka ya mazulia ya msikiti. Tulizikataa. Hatumtaji jina, kwani makusudio yetu si kumfedhehesha mtu. Lakini jibu lake si lake peke yake. Ni jibu la soko zima, na kwa hiyo tunalijibu hadharani.

Wanasema kwanza: "Biashara ni ujanja." Sisi tunasema: uongo mkubwa! Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, akakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenyewe, akaambiwa kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuuweka ule ulowevu juu watu wakauona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Tazameni, mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake lilikuwa kuificha. Basi itakuwaje hali ya yule ambaye aibu ameitengeneza kwa mikono yake: amerudisha mita, ameziba kutu kwa gundi na kuipiga rangi, ametia oili nzito ili injini isitoe moshi mbele ya mteja, ameing'oa taa ya kuonya kwenye dashibodi ili isiwake?

Na kurudisha mita si jambo jipya ambalo wanavyuoni hawakulijua. Waarabu walikuwa wakimwacha ngamia au mbuzi siku kadhaa bila kumkama, ili mnunuzi aone kiwele kimejaa na adhani mnyama ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiari ya siku tatu: akitaka atamweka, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Kiwele kilichojazwa na mita iliyorudishwa vina tofauti gani? Vyote viwili ni kumwonyesha mtu kwa macho yake kitu ambacho hakipo.

Wanasema pili: "Ameridhika na ametia sahihi." Ni kweli kwamba Sura An-Nisaa, aya ya 29, imejengea uhalali wa biashara juu ya kuridhiana. Lakini mtu huridhia anachokijua. Aliyeridhia gari la kilomita 84,000 hakuridhia la 197,000. Ama hiyo sharti ya "kama lilivyo", Imamu Malik ameieleza kesi yake katika Muwatta. Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu. Mnunuzi akamkuta na ugonjwa, wakafika mbele ya Khalifa Uthman (r.a.). Uthman hakusema kuwa sharti limefunga mlango. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua ugonjwa wowote. Ibn Umar, kwa uchamungu wake, akaona bora kurudishiwa kuliko kuapa. Basi ikiwa sharti lile halikumtosheleza sahaba mtukufu, litamkingaje mwenye yadi aliyeshika bisibisi usiku akaifungua mita? Sharti la kutodaiwa halimwokoi muuzaji na aibu aliyoijua akaificha.

Wanasema tatu: "Mteja si Muislamu, hana haki kwetu." Hii ni kauli mbaya kuliko zote, na tumeisikia kwa masikio yetu. Sura Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwatishia maangamizo wanaopunja vipimo, wala haikubagua anayepunjwa. Nabii Shuaibu (a.s.) aliwaonya watu wa Madyan wasipunguze vitu vya watu; hakusema vitu vya waumini peke yao. Uislamu ulifika katika pwani hii pamoja na wafanyabiashara. Lau wale wangekuwa na mizani mbili, moja ya ndugu na moja ya mgeni, nani angeitamani dini yao?

Wanasema nne: "Kila mtu anafanya, hata Wazungu." Naam, wanafanya. Mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani iligunduliwa kuwa imeweka programu ya kuhadaa vipimo vya moshi, na ikakiri kuwa magari yaliyohusika yalifikia takriban milioni 11 duniani. Basi tunasema: asidhani mtu kuwa hadaa ni ya masikini au ya Waswahili. Lakini tangu lini mkosaji wa Ujerumani akawa imamu wetu? Siku ya Kiyama hatutaulizwa Volkswagen walifanya nini. Tutaulizwa sisi.

Na lawama si ya mwenye yadi pekee. Kuna dalali anayempigia simu mwenzake mbele ya mteja, wakasemezana kuhusu "mnunuzi mwingine anayekuja na pesa taslimu", ilhali hakuna mnunuzi. Hiyo ndiyo najashi aliyoikataza Mtume (s.a.w.). Kuna fundi anayeletwa na mteja kukagua, akapewa kitu kidogo na muuzaji, akasema gari zima. Huyo amekula rushwa na ameuza ushahidi wake. Kuna anayeuza gari ambalo bado liko rehani benki, akanyamaza. Na kuna mtu wa kawaida, si mfanyabiashara, ambaye gari lake lilizama katika mafuriko, akalikausha, akabadilisha vitambaa vya viti, akamuuzia jirani.

Hata sisi wanunuzi tuna kosa, na jumuiya yetu ni ya kwanza kukiri. Tulichukua amana ya watu tukaitoa bila ya uchunguzi, tukaihesabu tasbihi kuwa ni cheti. Kutawakali hakumzuii mtu kufunga ngamia wake. Mtume (s.a.w.) alimfundisha sahaba aliyekuwa akihadaiwa sokoni kwamba anapouziana aseme "laa khilaaba", yaani pasiwe na hadaa. Basi nawe, ndugu, liseme neno hilo, kisha fanya haya.

Kwanza, mchukue fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, wala usimkubali fundi wa yadi. Pili, kama gari limetoka mnadani Japani, dai karatasi ya mnada na cheti cha kusafirishia, ulinganishe namba ya chasisi na kilomita. Alama ya R katika daraja la karatasi ya mnada huonyesha gari lililopata ajali likatengenezwa. Tatu, hakikisha mwaka wa usajili wa kwanza, kwa sababu Kenya haikubali kuingizwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na mwaka nao hughushiwa. Nne, itafute taarifa ya mmiliki kwa NTSA kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni. Tano, maneno ya muuzaji yaandikwe: kilomita, ajali, deni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Al-Baqarah, inahusu kuandikiana na kushuhudiliza, si bure.

Na aliyedhulumiwa asidhani kuwa subira ni kunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahiki na ya kupewa taarifa za kweli. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo katika mauzo. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 husikizwa katika Mahakama ya Madai Madogo. Kudai haki yako ni kumzuia dhalimu asimdhulumu mwengine.

Tunawageukia maimamu na kamati za misikiti. Msipokee mazulia, feni wala futari kutoka kwa mtu mnayejua kuwa amekula haki za watu, hata akiwa wa safu ya mbele. Sadaka hairudishi mali ya mtu. Toba ya dhulma ina sharti la kurudisha haki kwa mwenyewe.

Imepokewa kwamba Jarir bin Abdillah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwambia muuzaji kuwa farasi wake anastahili zaidi, akawa anapandisha bei mwenyewe mpaka akamlipa 800, kwa sababu alimuahidi Mtume (s.a.w.) kumtakia heri kila Muislamu. Hao ndio watangulizi tunaodai kuwafuata.

Ama ndugu yetu wa ile yadi, bila shaka karatasi hii itamfikia, kwani inagawiwa mlangoni anapovulia viatu. Gari lako bado lipo uani kwetu. Mlango wa toba uko wazi, na mlango wa jumuiya uko wazi. Tunakungoja uje na pesa za wale watoto wa madrasa. Usipokuja, tutasimama nawe mahali ambapo hapana dalali, hapana sharti ya "kama lilivyo", na mita haina wa kuirudisha nyuma.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitajie haramu, na umsamehe mama yetu aliyekaa juani. Amin.