Maganda ya mayai yasagwe kwanza

Ndugu mwandishi, hapo makala yako inaposema tutupe maganda mazima bustanini sikubaliani nawe. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti kwa takriban asilimia 95, yaani ni jamii moja na chokaa ya shambani, na likiachwa vipande vikubwa hukaa udongoni miaka bila kuusaidia mmea. Sisi wa kambi ya Dzaleka, huku Dowa, Malawi, nyanya na lengalenga tunapanda ubavuni mwa nyumba. Nafasi ya kuweka kisichofanya kazi hatuna.

Yaoshe, yaanike juani yakauke kabisa, kisha yatwange kwenye kinu mpaka yalainike kama unga wa ugali. Changanya na mboji kabla ya kupanda. Na mama zangu, nyanya ikioza kitako, mara nyingi udongo haujakosa kalsiamu: maji ndiyo tatizo, leo mengi, kesho hakuna, na mmea unashindwa kuifyonza. Unga wa maganda hauchukui nafasi ya kumwagilia kwa mpangilio.

Kwa maoni yangu faida kubwa ya maganda iko kwa kuku wanaotaga. Yakaushe kwanza kwenye moto ili kuua vimelea vya salmonela, halafu yavunje madogo kabisa, yasifanane tena na yai, wasije wakazoea kula mayai yao wenyewe.

Anayekwenda Lilongwe apite Old Town kwa wapika mayai, awaombe maganda kabla hayajaenda jalalani. Bebeni mifuko.