Motoka ya koperative: tuanze kwa fundi, si kwa marke



Kila mwaka mavuno yakikaribia, swali moja linarudi mikutanoni: kwa pesa kidogo tulizochanga, tununue 4x4 gani ya okazioni, ya kufikisha mahindi, karanga na mihogo kwenye soko la Kalemie? Mmoja anataja marke, mwingine mwaka, vijana wanaangalia rangi. Kwa mawazo yangu, tuanze kwa fundi. Motoka ya bei nafuu si ile inauzwa dola chache. Ni ile ikilala njiani kati ya Nyunzu na Kalemie, mvua ikinyesha, fundi wa kawaida anaisimamisha kwa vyombo alivyo navyo na piese zinazopatikana hapa.

Tunajua barabara zetu. Kuelekea Nyunzu, Bendera ao Moba, majira ya mvua yanageuza njia kuwa tope na mashimo. Na mazao hayangoji. Muhogo mbichi unaanza kuharibika ndani ya siku mbili, tatu tangu kung'olewa. Mahindi yakilowa ndani ya gunia yanaota kuvu, na kuvu nyingine zina sumu. Motoka ikisimama wiki moja, anayelipa ni mama aliyelima, si aliyeiuza.

Kwa hiyo tutafute mashini rahisi. Toyota Land Cruiser ya mgongo mgumu yenye mashini 1HZ, silindri sita, lita 4.2, mazutu, bila turbo, imetengenezwa tangu 1990 karibu bila kubadilika. Pompi yake ya mazutu inafanya kazi bila kompyuta. Hilux za zamani za mazutu na Nissan Patrol ya mashini TD42 ziko kwenye njia hiyo hiyo: shasi ya chuma na levye ndogo ya 4x4 yenye nguvu ya kutoka kwenye tope.

Kuko wenye kusema motoka mpya kidogo, ya elektroniki, inakunywa mafuta kidogo. Ni kweli. Lakini hizo zinataka mazutu safi. Sisi tunanunua ya bidon, mara nyingi ina maji na uchafu, na enjekta zake zikiharibika bei inaumiza. RAV4 nayo ni rahisi kununua, na mjini inafaa. Lakini haina shasi ya kujitegemea wala vitesi vya nguvu vya tope. Magunia ya mahindi si mzigo wake.

Tuununue wapi? Motoka za Japani zinapita Dar es Salaam na Kigoma, zinavuka ziwa. Nyingi zina volani kuume, nasi tunatembea kuume: shofa akitaka kupita lori, haoni mbele. Kabla ya kutoa hata dola moja, mwende DGDA mkaulize umri unaokubaliwa, habari ya volani, na jumla ya ushuru. Mimi ninapendelea motoka iliyouzwa na shirika, yenye karne ya matengenezo, hata ikiwa na kilometa 250.000, kuliko ile inang'aa na kilometa 90.000 bila karatasi. Namba ya kilometa inaweza kurudishwa nyuma. Karne iliyoandikwa kila vidanje inaonyesha motoka ilitunzwa namna gani.

Siku ya kuangalia, mchukue fundi wenu, si wa muuzaji. Mlipeni siku yake. Afanye haya:

– Awashe mashini ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni mashini inakula mafuta yake.
– Alale chini, atazame shasi: kutu, nyufa, alama za kuchomelea karibu na resori.
– Aingize 4x4, ya juu na ya chini, na kutembeza mahali pa mchanga, si kwenye lami.
– Alinganishe namba ya shasi na karte roze. Zikitofautiana, mrudi nyumbani.

Sasa pesa. Tuseme koperative ina dola 12.000. Msinunue motoka ya 12.000. Mnunue ya 8.000, zile 4.000 ziwe za karatasi, matairi, resori na vidanje vya kwanza. Mhesabu pia mazutu: Land Cruiser ya namna hii inakunywa kama lita 13 hadi 15 kwa kilometa 100, na tope linaongeza. Mzigo wake ni kama tani moja, ni kusema magunia kumi ya kilo 100. Anayepakia ishirini anavunja resori za wote.

Na kama hesabu inaonyesha mtabeba mazao mwezi mmoja tu kwa mwaka, basi msinunue. Kodini lori wakati wa mavuno, pikipiki na kinga zifikishe magunia hadi barabarani, pesa inayobaki ijenge depo kavu. Hiyo nayo ni kazi ya maendeleo.

Uamuzi huu usifanywe na prezida na kesie peke yao. Hesabu iandikwe ubaoni, mkutano mkuu uione: bei, ushuru, mazutu, piese, mshahara wa shofa. Mwanachama akiuliza "ikiharibika Nyunzu, nani ataitengeneza?" na hakuna anayejibu, hiyo si motoka yenu.