Kamera ndogo iliyomtoa mzee ndani ya nyumba

Ikungi. Saa 12:30 asubuhi, kabla malori ya barabara kuu ya Singida kwenda Dodoma hayajaanza kufuatana, mwalimu mmoja mstaafu mwenye umri wa miaka 64 hutoka nyumbani kwake akiwa na vitu vitatu: kofia, chupa ya maji na kamera ndogo inayoenea kwenye mfuko wa koti. Hushika njia ya miguu inayopita pembeni mwa mashamba ya alizeti kuelekea kwenye mawe makubwa, yale ambayo mgeni akifika Singida huyashangaa na mwenyeji hayaoni tena.

Mwaka mmoja uliopita mzee huyu alikuwa hatoki. Alikuwa amefiwa na mkewe, watoto wamerudi kazini mijini, na kiti cha barazani kikawa ndiyo makazi yake. Kila mwezi alipokwenda kliniki kupimwa presha, mhudumu alimwambia neno lile lile: “Mwalimu, dawa umeze, chumvi upunguze, lakini na kutembea utembee.” Na kila mwezi alijibu: “Nitembee niende wapi?”

Swali hilo si la utani. Vijijini mtu mzima hutembea kwa sababu. Anakwenda shambani, mnadani, msibani au kwenye ibada. Kutoka nyumbani, kuzunguka na kurudi mikono mitupu huonekana ni mambo ya watu wa mjini, au dalili kwamba akili haijatulia. Mkulima anayelima kwa jembe mwili wake unafanya kazi ya kutosha. Lakini mstaafu ambaye shamba lake linalimwa na vibarua, na safari zake zote ni za bodaboda, anaweza kukaa wiki nzima bila kutembea nusu saa mfululizo.

Picha ya paspoti

Kilichobadilisha mambo hakikuanzia kliniki. Kilianzia msibani. Siku ya kumuaga mama wa nyumba hiyo, familia ilitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Zilipatikana mbili tu zilizofaa: moja ya harusi, iliyokwisha kufifia, na nyingine ndogo ya paspoti aliyopiga kwa ajili ya fomu. Ikakuzwa hiyo ya paspoti.

“Mama alikuwa na uso tu,” anasema binti yake mkubwa, anayefanya kazi Dodoma. “Hakuwa na jiko lake, hakuwa na kuku wake, hakuwa na ule mti anaokaa chini yake kupembua mtama. Wajukuu watakaozaliwa hawatajua alikuwa anaishi vipi.”

Miezi michache baadaye binti huyo alirudi nyumbani na kamera ndogo aliyoinunua ikiwa imetumika, yenye lenzi pana isiyovuta karibu vitu vya mbali. Akamkabidhi baba yake na sharti moja: “Baba, picha tatu kila siku. Na zisiwe za barazani.”

Basi mzee akawa na jibu la swali lake mwenyewe. Anakwenda kupiga picha.

Kwa nini lenzi pana

Wengi hudhani kamera nzuri ni ile inayovuta mbali. Kwa mtu anayetaka kutembea, lenzi pana ina faida yake. Lenzi ya milimita 28, ambayo ni ya kawaida kwenye kamera ndogo za aina hii, huona eneo la takriban digrii 75 kutoka kona moja ya picha hadi nyingine. Kwa hiyo ukimpiga mama anayetwanga, unampata yeye, kinu, mlango wa nyumba na mtoto anayechungulia. Ni kile kilichokosekana kwenye picha ya paspoti: mtu pamoja na mahali pake.

Faida ya pili ni ya miguu. Kwa kuwa lenzi haivuti, anayetaka kitu kionekane kikubwa hana budi kukisogelea. Jiwe lililo ng'ambo ya shamba halitakuja kwako. Wewe ndiye utakayelifuata. Mwalimu huyu anasema siku za mwanzo alirudi na picha zilizojaa anga na ardhi tupu, vitu vyote vikiwa vidogo kama punje. Ilimchukua wiki mbili kuelewa kwamba kosa halikuwa la kamera, alikuwa anasimama mbali.

Faida ya tatu ni uzito. Kamera nyingi za mfukoni hazifiki nusu kilo, wakati kamera kubwa na lenzi yake inaweza kuzidi kilo moja na kuanza kuuma shingo kabla ya kilomita ya pili. Kitu kizito huachwa nyumbani, na kikiachwa nyumbani mwenyewe hubaki nacho.

Asiye na kamera asikate tamaa. Kamera kuu ya simu nyingi za kisasa nayo ina lenzi pana, ya milimita 24 hadi 28 hivi kwa kipimo hicho hicho. Tatizo la simu ni kwamba hulia. Unaanza na picha ya mbuyu, unaishia kusoma ujumbe wa kikundi cha ukoo ukiwa umesimama njiani. Ukitumia simu, zima data mpaka urudi.

Dakika zinavyohesabiwa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiwango cha kati, na wenye miaka 65 na kuendelea wamo kwenye kipimo hicho hicho, huku wakiongezewa mazoezi ya kuimarisha misuli na mizani ya mwili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kiwango cha kati maana yake ni mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba.

Hapa anayepiga picha ajihadhari, kwa sababu kusimama kila hatua tano si mazoezi. Njia rahisi ni kugawa safari. Nenda kwa mwendo wa haraka mpaka sehemu uliyoichagua, pale tulia upige picha zako, kisha rudi kwa mwendo wa haraka tena. Kama kwenda ni dakika 15 na kurudi ni 15, nusu saa imetimia, na zile dakika za kupiga picha ni za moyo.

Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa saa moja kila siku. Wakati wa likizo mjukuu wa mwalimu huyu, mwenye miaka 10, huenda naye. Babu hubeba maji, mjukuu hubeba kamera, na wanaporudi wanachagua pamoja picha tatu za siku hiyo.

Je, presha imeshuka? Vipimo vyake vya miezi ya karibuni ni bora kuliko vya mwaka jana, lakini mhudumu wa kliniki hakumficha kwamba sifa hiyo inagawanywa. Sasa dawa anameza bila kuruka siku, na chumvi ya kuongeza mezani imeondolewa. Hakuna aliyemwambia aache dawa, na msomaji mwenye presha au kisukari asiache dawa zake kwa sababu ameanza kutembea.

Je, kamera haiibi kumbukumbu?

Wapo wanaosema kwamba mtu anayepiga picha haoni, macho yake yako kwenye kioo. Hoja hiyo ina ukweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, mtafiti wa saikolojia wa Marekani, Linda Henkel, aliwatembeza wanafunzi kwenye jumba la makumbusho na kuwataka wapige picha baadhi ya vitu na vingine wavitazame tu. Vile walivyovipiga picha kwa ujumla walivikumbuka kwa upungufu. Lakini walipotakiwa kukuza sehemu moja ya kitu ndipo wapige, upungufu huo haukuonekana. Kwa maneno mengine, anayepiga ovyo husahau, ila anayechagua kwa makini hubaki na alichokiona.

Nchini Uingereza, watafiti Liz Brewster na Andrew Cox walichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu watu wanaopiga picha moja kila siku. Waliona kwamba desturi hiyo iliwasaidia kujitunza, ikawaunganisha na wenzao na ikawapa namna ya kutazama nyuma. Wengine ilikuwa ndiyo sababu yao ya kutoka nje.

Ndiyo maana picha tatu zinatosha. Ukirudi na picha 200 hujaona kitu, na hutapata siku ya kuzitazama.

‘Picha zangu unazipeleka wapi?’

Wiki ya kwanza majirani walimuuliza mwalimu kama amekuwa mpima viwanja. Wengine waliuliza kwa kicheko, wengine hawakucheka. Mtu anayezunguka na kamera karibu na mipaka ya mashamba huamsha hofu, na hofu hiyo haitokani na ujinga.

Siku moja alimkuta bibi jirani, aliyekuwa rafiki wa marehemu mkewe, akianika mboga mbele ya tembe lake, mojawapo ya nyumba za paa bapa la udongo ambazo zinazidi kupungua kadiri bati linavyoenea. Akainua kamera. Bibi akageuza uso.

“Picha zangu unazipeleka wapi?”

Mwalimu akashusha kamera, akaomba radhi, akaketi. Walizungumza mpaka jua likapanda, wala hakupiga picha hata moja. Lenzi pana haina maficho. Inakulazimu ufike hatua mbili kutoka kwa mtu, na ukishafika hapo salamu haikwepeki.

Wiki iliyofuata alisafirisha picha chache kwenda kusafishwa mjini. Moja ilikuwa ya uwanja wake mwenyewe, mti wa mkewe ukiwa katikati na ungo umeegeshwa kwenye shina. Akampelekea bibi aione. Bibi aliishika muda mrefu, hakusema neno, akairudisha. Siku mbili baadaye mjukuu wa bibi alikuja mbio: “Shikamoo babu. Bibi anasema leo amevaa, uje.”

Picha hiyo sasa imetundikwa ndani ya tembe. Bibi amesimama mlangoni na khanga mpya, mboga zake zimeanikwa miguuni, na nyumba yake yote inaonekana kutoka ukuta mpaka ukuta. Kabla ya kuipokea alitoa sharti kwamba isiende kwenye simu za watu, na haijakwenda.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni jambo lake. Lakini kabla ya sheria kuna adabu. Omba kwanza. Usimpige mtoto bila mzazi wake kujua, wala mgonjwa, wala mtu aliye msibani bila ridhaa ya wenye msiba. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na migodi uviache. Na ukimpiga mtu picha, mpelekee nakala yake.

Namna ya kuanza

Toka asubuhi kabla ya saa 2:00 au jioni baada ya saa 11:00. Mbali na joto, jua la mchana huwa utosini na hujaza macho ya watu kivuli. Unayempiga asiwe na anga jeupe nyuma yake, kwani kamera itaufanya uso wake kuwa mweusi usiosomeka. Mgeuze au msogeze penye kivuli cha wazi.

Shika kamera sawasawa. Ukiielekeza juu au chini, kuta za nyumba huonekana kama zinaanguka. Usimweke mtu ukingoni mwa picha, lenzi pana humvuta akawa mnene. Wala usimsogelee mno usoni, pua hukua. Weka kitu karibu nawe, kama ua la alizeti, jiwe au mtungi, ili ardhi isibaki tupu.

Ikungi ina upepo na vumbi. Funga kamera kwenye mfuko wake kila unapomaliza, na vumbi la lenzi lipulize kwa kipulizio kidogo kabla ya kufuta, usilisugue kwa upande wa shati. Vaa viatu vilivyofunika vidole, hasa mwenye kisukari, na akague nyayo zake akirudi. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, keti, omba msaada na uwahi kituo cha afya. Mwambie mtu wa nyumbani njia unayopita.

Mwalimu ana sanduku la viatu alilojaza picha zilizosafishwa. Nyuma ya kila moja ameandika kwa kalamu tarehe, mahali na jina la aliyemo, kwa mwandiko wa ubaoni. Moja haina mtu. Ni njia ya kwenda kisimani, ile aliyopita mkewe kila asubuhi kwa miaka 31. Nyuma yake ameandika jina la mkewe.

Binti yake alipokuja Krismasi alimuuliza kwa nini ameandika jina wakati mama hayumo.

“Yumo,” alijibu. “Hii njia ni yeye aliyeichonga.”

Nyumbani kwako nani ana picha ya paspoti tu? Mpigie nyingine wiki hii akiwa jikoni kwake, shambani kwake au kibandani kwake, na nenda kwa miguu.