Istilahi Ipimwe Juu ya Paa

Sisi wanafunzi wa isimu tunapenda maneno yanayozaliana. Tukipewa kitenzi "lisha", hatuchelewi kuunda "kilisha" na "kilishwa" na kujipongeza. Katika viwango vya kupeleka umeme kupitia kebo za mtandao, jozi hiyo nzuri ni hatari.

Kiwango cha IEEE 802.3af cha mwaka 2003 kiliruhusu kebo inayobeba data kubeba pia umeme, hadi wati 15.4 kutoka upande unaotoa. Mwaka 2009 zikawa 30, na mwaka 2018 zikafika 90. Kifaa kinachotoa umeme sharti kwanza kipime ukinzani wa kile kinachopokea, kwa mfano kamera. Kisipopata alama sahihi, hakitoi kitu.

Lakini kuna vifaa vya bei nafuu visivyofuata kiwango hicho. Vina matundu mawili, moja la data tupu na jingine lenye umeme, na umeme hutoka bila kuuliza. Ukichomeka kompyuta kwenye tundu lenye umeme, unaweza kuiunguza.

Sasa mfikirie fundi aliye juu ya paa Butembo, akielekezwa kwa simu na mwenzake wa Beni. Maandishi ya kifaa ni ya Kiingereza, masomo yalikuwa ya Kifaransa, ila kazi inazungumzwa kwa Kiswahili na Kinande. "Kilisha" na "kilishwa" zinatenganishwa na "w" moja. Upepo ukivuma, "w" imekwenda. Napendekeza "chanzo" na "kipokezi", maneno yasiyofanana hata kidogo.

Vivyo hivyo kwa vitenzi. "Kifaa kinaweza kukata umeme" ina maana gani: kina uwezo, kinaruhusiwa, au huenda kikakata? Kiingereza cha IEEE hutenga lazima, pendekezo, ruhusa na uwezo kwa vitenzi vinne. Nasi tuseme "sharti", "inafaa", "kinaruhusiwa" na "kina uwezo wa", bila kubadilishana kwa ajili ya kupamba insha.

Wapo watakaosema mafundi wameshazoea "PoE", tuwaache. Lakini jina hilo lenyewe halikuwamo katika kichwa cha kiwango cha 2003. Lilienea kwa watumiaji, kisha likaingia katika kichwa cha kile cha 2018. Kamati iliwafuata mafundi. Nasi tuwapelekee orodha zetu kabla hazijaingia kamusini. Neno linalosikika vibaya kwenye simu lifutwe, hata kama mofolojia yake inapendeza.