Saa Haimpimi Mchezaji

Imeenea baina ya wapenzi wa soka, na hata baina ya Wamarekani wenyewe, itikadi ya kwamba mchezaji wa kulipwa wa kandanda la Kimarekani anakula ujira mkubwa kwa kazi ndogo. Na hoja waishikayo ni hesabu iliyochapishwa mwaka 2010 na gazeti la Wall Street Journal, iliyoonyesha ya kuwa katika matangazo ya televisheni yapatayo saa tatu, mpira huwa mchezoni kwa dakika 11 hivi tu. Hesabu hiyo siikanushi. Nikanushacho ni natija waitoayo humo, kwamba dakika zikiwa chache basi na taabu ni chache. Nani aliyepata kumpima hamali wa bandarini kwa dakika, akauacha uzito wa gunia?

Kila mpira unapoanzishwa, nao huanzishwa mara 60 au 70 kwa kila timu katika mechi, majabari wenye kilo 130 na zaidi hugongana kwa nguvu zao zote kwa sekunde nne au tano. Kisha huinuka, wakapokea amri ya shauri lijalo, wakajipanga na kugongana tena, na yote hayo sheria imeyawekea sekunde 40. Muda huo mtazamaji huuita mapumziko.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Joe Thomas, aliyechaguliwa na timu ya Cleveland Browns mwaka 2007 kuwa mlinzi wa kushoto wa safu ya mbele, na tangu siku hiyo asikose hata mwanzo mmoja wa mpira, mpaka tarehe 22 Oktoba 2017, msuli wa mkono wake ulipochanika walipokuwa wakicheza na Tennessee Titans. Jumla ilikuwa mianzo 10,363 mfululizo. Basi mwenye kupima kwa saa na akadirie sekunde tano kwa kila mwanzo: atapata muda usiotimia saa 15 kwa miaka kumi na zaidi, na itamlazimu kuamini kwamba shujaa yule alifanya kazi ya siku mbili!

Tena wanaohukumu kwa mabao na yadi hawana afadhali, kwa sababu mlinzi wa namna ile hafungi wala haushiki mpira, na dalili ya ustadi wake ni kwamba mrushaji wa mpira amlindaye, aliye nyuma yake, hakuguswa. Browns hawakufika hatua ya mtoano hata mara moja katika miaka yake yote, na mwaka ule wa 2017 walipoteza mechi zote 16. Hata hivyo, mwaka 2023 Thomas aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huu huko Canton, Ohio, kwa haki tupu.

Itikadi hii ina madhara. Watu waliokwisha kusadiki kwamba wachezaji hawachoki hawakuona ajabu mechi za msimu zilipoongezwa kuwa 17 mwaka 2021, wala hawaoni vibaya mtu aliyecheza Jumapili kurudishwa uwanjani Alhamisi, mwili wake ungali na maumivu. Mimi naona ni dhuluma, na wenye ligi wanapaswa kuziondoa mechi hizo za Alhamisi.